Siku Niliyochagua Bustani

Kwetu kila mtu alikuwa na fasi yake, mahali pake pa kutembelea. Baba alikuwa mtu wa mawe: Jumapili tukitoka misa, yeye anataka vilima vya upande wa Kakontwe, apande mpaka jasho limtoke. Mama alikuwa wa maji. Mpe kijito cha kuloweka miguu, asiombwe kupanda popote, basi ameridhika. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto wa bustani. Nilitaka benchi, maua yaliyopangwa, na watu wa kuiona robe yangu, gauni la Jumapili.

Fujo zilipoanza, vijana wa mjini wakashika njia, wakasema wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, warudi kwao. Kwao wapi? Baba alizaliwa hapa hapa Likasi, Kasai hajaiona hata kwa picha. Lakini babu alitoka huko, na hiyo ilitosha. Mama ni mtu wa hapa, na wajomba walishakata maneno: yeye na mimi tunabaki. Baba akakataa kuondoka. Kiwandani walimwambia asirudi, akajificha nyumbani wiki tatu, kutwa anazunguka chumbani.

Jumapili moja akasema imetosha.

"Leo tunatoka. Mutoto njo atachagula fasi."

"Aka! Kutoka wapi?" mama akashtuka. "Na bale bavijana bako mu njia?"

"Minye sitakufa mu nyumba sawa panya." Akanigeukia mimi, binti yake. "Sema, mama wangu. Tunaenda wapi?"

Mama alinikazia macho. Alitaka niseme mtoni, nyuma ya mtaa wa Kikula, ambako siku hizo hakukuwa na mtu. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini miaka yote nilifuata mawe ya huyu na maji ya yule, na zamu ilikuwa yangu. Nikasema bustani ya mjini.

"Ah, weye na bustani yako!" Baba akacheka, mara ya kwanza tangu ajifiche.

Tulipita njia za nyuma, hakuna aliyetugusa. Tulipofika sikuona hata ua moja. Bustani ilikuwa jirani na stesheni, na waliongojea treni ya Kasai walikuwa wameijaza: magodoro, sufuria, vyerehani, wazee wamelazwa chini ya maturubai. Moshi ulichoma macho. Nikasema twende zetu.

Baba hakusikia. Bibi mmoja alikuwa akimwita. Alikuwa shangazi yake, dada wa babu, miguu imevimba, peke yake. Wanawe walipandishwa treni ya kwanza kwa kusukumana, yeye akabaki. Hakulia. Aliuliza tu:

"Ulikuwa wapi, weye? Tunaenda siku gani?"

Baba akakaa chini karibu naye. Mama akamshika mkono, akavuta.

"Twende ku nyumba, baba ya mutoto. Nakuomba."

Nami nikalia kwamba nimebadili mawazo, twende mtoni, twende kwenye mawe, popote atakapo, bustani siitaki tena. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Watu walituangalia, kisha wakaendelea na mapishi yao.

"Nani atamubeba kumupandisha mu treni?" baba akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Nilitafuta jina la mtu yeyote. Mama aliacha kuvuta. Akapiga magoti mbele ya baba, akaanza kumfunga vifungo vya koti kama mtu anayesafiri, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.