Afisa wa Ufadhili Alinikuta Maiti

Jamani, mimi nimewahi kufa mchana kweupe, na rambirambi za msiba wangu nikazisikia kwa masikio yangu haya haya.

Mnaguna? Guneni tu.

Mjukuu wangu alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Nimemlea tangu anatambaa. Serikali ikapunguza ufadhili wa wanafunzi wa afya, na mkuu wa chuo akatamka: asiyefadhiliwa muhula huu, afungashe virago.

Ikatangazwa maafisa watapita majumbani kukagua hali zetu.

Kinyozi wangu, redio ya mtaa, akaninong'oneza: "Mzee, wanaopewa ni wale wasio na mtu kabisa. Wewe na hicho kipensheni chako ndiyo unamharibia binti."

Neno likanichoma kama mwiba.

Siku ya ukaguzi hodi ikapigwa. Nikachungulia dirishani: mama mmoja, kitambulisho kifuani. Nikarukia kitanda, nikavuta shuka mpaka utosini.

"Babu, unafanya nini?" mjukuu akashangaa.

"Nimekufa. Huna mtu. Lia!"

"Babu jamani! Maiti gani anavaa soksi?"

Akanivua moja. Ya pili hakuwahi, mgeni keshaingia.

Mgeni akashtuka: "Mungu wangu! Nani huyu?"

"Babu yangu," mjukuu akasema. "Amefariki... sasa hivi."

"Pole mwanangu. Pole sana." Mama wa watu akapenga kamasi. "Na mimi nilikuletea habari njema. Makaratasi yako yalitosha, umeshapitishwa."

Chini ya shuka nikatabasamu hadi magego.

"Ila mwaka huu lazima mlezi aje kuweka sahihi, akudhamini kwamba ukihitimu utatumikia hospitali ya umma. Na mwisho ni leo jioni. Una mwingine yeyote?"

"Sina, mama. Nilikuwa na huyu tu."

Ndugu zangu, nilitaka kufufuka! Lakini nikiinuka, mtoto anaonekana tapeli, anafutwa moja kwa moja. Nikilala, nafasi inakwenda.

Mjukuu akapenyeza mkono, akashika kifundo cha mkono wangu, vidole juu ya mshipa kama walivyomfundisha. Moyo ulikuwa unadunda kama mchi kinuni. Akanikandamiza: tulia.

Nikatulia. Ningefanya nini?

"Laiti angengoja hata mpaka jioni," yule mama akasema, akaenda zake.

Nikafunua shuka. "Nimkimbilie?"

"Umwambie nini, Babu?"

Nikajilaza tena.

Akanifunika tena uso, taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyekufa kweli.

"Kaa hivyo hivyo kidogo," akasema. "Nataka kulia, na sitaki unione."

Mzee mwenzangu, kabla hujajitoa njiani ili mtoto apite, muulize kwanza alitaka kwenda na nani.