Siku Basi Letu Lilipojaa

Mara ya kwanza basi letu kujaa, ndani yake hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye safari.

Jamani, sitanii. Nilikuwa pale kituoni, nimemshika mama mkwe wangu mkono, na niliyoyaona sijayasahau mpaka leo.

Sisi tunaishi kijimji kidogo, mlimani. Halmashauri ilituletea kibasi kwa majaribio. Kidogo kweli, lakini kilipita vichochoroni hadi karibu na mlango wetu. Mama mkwe, ambaye figo zimemgomea na miguu haimbebi, alikuwa anakipanda kwenda hospitali kusafishwa damu.

"Gari langu limefika," alikuwa anasema kila akisikia honi.

Tatizo lilikuwa abiria. Siku nyingine tulikuwa sisi wawili na dereva, basi.

Tukasikia watu wa mipango wanakuja kuhesabu. Kibasi kikionekana kitupu, kinaondolewa.

Hapo ndipo jirani yetu fundi cherehani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alipoingia kazini. Alipita nyumba kwa nyumba.

"Pandeni tu! Huna pa kwenda? Nenda urudi! Tunampigania mama yetu!"

Mama mkwe alilia kwa furaha. Nami pia, sifichi.

Siku ya kuhesabu ikaangukia siku ya zamu yake hospitali. Kibasi kikaja kimelala upande, watu hadi mlangoni. Kinyozi, seremala, wanakwaya na sare zao. Wanaimba!

Mlango ukafunguka. Hata pa kutia mguu hapakuwepo.

"Mama, tumekujazia basi lako!" Redio akapaza sauti.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe akasema. "Sasa mimi nipande wapi?"

Waliokuwa mlangoni wakatazamana.

"Wawili washuke," nikasema. "Wawili tu, jamani."

Redio akaonyesha kwa kidevu kiti cha mbele, alipokaa dada wa mipango na kidude chake cha kuhesabia. Akaninong'oneza, "Shemeji, anahesabu huyo. Tukishuka tunaharibu."

"Kwani mnampigania nani?"

Kinyozi akaangalia paa. Seremala akajifanya anainama kufunga kamba ya kiatu, kwa msongamano ule! Dereva akanitazama kwa huruma. "Dada, nisamehe. Muda wangu umeisha."

Wakaondoka wakiimba. Mama mkwe akawapungia mkono. Mimi hata kulia nilishindwa.

Zamu ikampita. Usiku uso ukamvimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Nilimpepea tu, ningefanya nini? Kesho yake nilimpeleka juu ya lori la mbao, kichwa chake mapajani mwangu.

Baadaye tukaitwa mkutanoni. Dada wa mipango alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Hongereni! Abiria wenu wamezidi kibasi. Tunawaletea basi kubwa!"

Vigelegele. Redio alipanda juu ya kiti.

"Ila basi kubwa haliwezi kukata kona za vichochoroni," yule dada akaendelea. "Litaishia barabara kuu, kule bondeni."

Vigelegele vikakatika.

Nikasimama. "Dada, wale hawakuwa abiria. Walipanda ili uwaone."

Akacheka, kwa upole kabisa. "Niliwahesabu mwenyewe." Kisha akawageukia wengine. "Jamani, mlikuwa hamsafiri?"

Nani angekubali mbele ya halmashauri kwamba aliidanganya? Kinyozi akarudi kuangalia paa. Redio akashuka kitini taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema.

Sasa basi kubwa linakuja. Jipya, linang'aa, halina mtu. Dereva ni yule yule, na akifika bondeni hupiga honi ndefu. Najua anampigia nani.

Mama mkwe hufungua macho pale kitandani. "Gari langu limefika," anasema, halafu ananyoosha miguu nimvalishe viatu.

Namvalisha. Siku lori la mbao lisipopita, tunabaki tumekaa hivyo, yeye na viatu vyake miguuni, tukilisikiliza basi likigeuza na kuondoka.

Ndugu yangu unayesoma hapa, sina hekima kubwa ya kukupa. Siku ukiamua kumpigania mtu, mwachie kiti kwanza.