Vipindi Vilivyobaki

Walimu wenzake walimwita Mama Ratiba, kwa kuwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyepanga nani afundishe nini na saa ngapi. Alichora kwa penseli kwenye karatasi kubwa ya manila. Wakongwe walichagua kwanza, mwalimu mpya akaachiwa makombo: vipindi vya mwisho mchana, na kile kidato cha pili chenye wanafunzi tisini na kelele za sokoni.

Wapya watatu walikuja wakafunga virago. "Vijana wa siku hizi ni mayai," alisema Mama Ratiba, akaendelea na chai yake.

Wa nne alikuwa kijana mpole wa hisabati. Alhamisi moja alimletea barua. "Ni ya kuomba uhamisho, mama. Naomba umfikishie mkuu."

Jioni hiyo binti wa Mama Ratiba, naye mwalimu mpya katika shule ya mbali, alipiga simu akilia. "Mama, wamenirundikia darasa ambalo kila mtu amelikimbia."

"Hao hawana utu kabisa," mama alifoka. "Nani kapanga hiyo ratiba?"

Mara akaikumbuka penseli yake mwenyewe. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Asubuhi alimrudishia kijana barua. "Kaa nayo wiki mbili, mwanangu. Ukiwa bado unaitaka, nitaipeleka mwenyewe." Akachukua ufutio, akafuta nusu ya manila. Kidato cha pili alikigawa mara mbili, nusu moja akaichukua yeye, na vipindi vya mchana vikazunguka kwa wote.

Mkongwe mmoja alinuna. "Hata mimi nibaki mchana?"

"Hata wewe, kaka. Mimi nimeshaanza."

Wiki mbili zile alizihesabu siku kwa siku, roho juu. Ijumaa ya mwisho kijana akaingia ofisini na karatasi mkononi. Mama Ratiba aliitambua, ni barua ile ile. Akanyoosha mkono kuipokea.

"Naomba chaki, mama," kijana alisema, akaigeuza. Nyuma alikuwa amechora madawati ya darasa lake, kila dawati na jina la mwanafunzi. "Samahani, sikuwa na karatasi nyingine."

Mama Ratiba alishusha pumzi, akacheka peke yake, akampa boksi zima. Mlango ulipofungwa alimpigia binti yake, akamwomba namba ya mwalimu anayepanga ratiba huko.