Kitanda cha Nyuma

Mnunuzi yule aligonga kuta za karavani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena palepale. Kila kabati alilifungua, akaingiza pua na kunusa. Douwe, aliyeuza vijumba hivyo vya magurudumu mjini Sneek miaka ishirini, alizoea wateja wanaoanza na jiko na choo. Huyu aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Mtoto atalala wapi?" Alipoonyeshwa kitanda chembamba cha nyuma, akavua viatu, akajikunja pale, uso ukutani. "Nifungie mlango na madirisha, tafadhali."

Douwe akafunga, akasimama nje na mke wa mnunuzi. "Amelala?"

"Anavuta hewa tu," mama akajibu, mkono mfukoni ukiminya kichupa cha dawa ya kuvuta. "Hatujawahi kwenda likizo. Binti yetu ana pumu. Kukiwa na kuvu ya unyevu ukutani, usiku mmoja unatosha kumlaza hospitali."

Dakika ishirini zilipita. Douwe alijikuta naye amebana pumzi. Mlango ulipofunguka, mnunuzi alitoka na alama za godoro shavuni.

"Hii nimeipenda, mzee," alisema. "Lakini kesho wanasema mvua. Naomba nije nilale tena."