Mkono Nisioutazama

Mwanangu, umeniambia unasomea magonjwa ya kuambukiza, nami nimefurahi. Ila kuna siku moja ya ujana wangu inayonichoma mpaka leo, na afadhali uisikie kutoka kwangu mwenyewe. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita ile ya kwanza, nami nikisomea udaktari msaidizi hapa Dar es Salaam. Nilivaa kaptula nyeupe iliyonyooka kwa pasi. Nikipita Kariakoo watu wananiita dakta, na mimi naitika. Mjinga mkubwa!

Mwaka huo ndui iliingia mtaa wa Gerezani, ikaamriwa mitaa yote ichanjwe. Mkunga aliwachanja wanawake majumbani, na siku ya nane sisi wanafunzi tukapita kukagua. Kazi yenyewe ndogo: mtu anapandisha nguo, unatazama kama kipele kimetoka pale alipochanjwa. Kikitoka, chanjo imeshika. Kisipotoka, anachanjwa tena. Mwalimu wetu, Mzee Sadiki, alituambia kila asubuhi, "Andikeni mlichokiona kwa macho."

Nyumba yangu ya mwisho siku ile ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mama yake Zuhura, binti niliyekuwa nimemposa na posa ikakubaliwa. Sasa mkwe, mwanangu, utamwambiaje akufunulie mkono? Hata kutazamana usoni tulikuwa hatujatazamana. Nikasimama nje ya pazia la mlango.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa habari ya ile chanjo. Hamjambo?"

"Marahaba, baba. Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Akanipitishia sahani ya vitumbua pembeni mwa pazia. Nikavila pale pale barazani, nikafungua daftari, nikaandika: imeshika. Ningeweza kumwomba mkunga arudi aangalie yeye, lakini ingenibidi nimwambie Mzee Sadiki kwamba dakta mzima anaona haya. Sikutaka kuchekwa.

Haukupita mwezi, Bi Mwanaisha akaletwa kwenye kambi ya wagonjwa wa ndui, nje ya mji. Uso wote malengelenge, sauti imemkauka. Mzee Sadiki akafungua daftari, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu.

"Mkono huu uliuona?"

"Aliniambia hawajambo, mwalimu."

"Mimi sikukutuma kuwajulia hali."

Akalifunga daftari, akaenda zake. Laiti angenipiga.

Alipotoka, Bi Mwanaisha akaniita kwa ishara ya kidole. "Kipele hakikutoka, baba. Niliona haya kukwambia, wewe mkwe wangu. Nikasema moyoni, huyu kasoma, hawezi kuandika asichokijua." Siku ya tatu yake tukamzika.

Zuhura nilimwoa. Maisha yake yote, kwa kujua tu kwamba nilikuwapo kambini, aliwasimulia majirani jinsi nilivyomuuguza mama yake kwa mapenzi, na kila Idi alinipikia vitumbua kwa mkono ule ule aliofundishwa na mama yake. Nilivila, nikamsifu mpishi, nikanyamaza. Nimeshamzika naye, na hakujua. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuyasikia haya, na hayanisaidii kitu tena kuyasema.

Basi nakwambia waziwazi, mwanangu. Kuona haya ni jambo jema, nami sikufundishi kuwavunjia wakwe heshima. Lakini haya ikikuzuia kuutazama ugonjwa, mwite mwenzio atazame, na ukubali kuchekwa. Usichokiona, andika hukukiona. Na ukikosea, kiri wakati mwenye haki ya kuambiwa bado yupo hai, hata akikuchukia. Mimi nilipendwa miaka yote ile kwa jambo ambalo sikulifanya, na sikupata siku moja ya kulifurahia pendo lile.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyokwepa na ulimi usiochelewa. Akukinge na maradhi unayoyasomea, na akuepushe na sifa kama zile nilizopewa mimi. Amina.