Mfagizi wa Karakana na Trei Zake za Mayai

Saa moja kasorobo asubuhi. Mlango wa karakana ya shule ya sekondari unafunguka kwa kusukumwa na nyonga, maana mikono ya anayeufungua imejaa. Mmoja umeshika ufagio, wa pili umekumbatia trei tupu za mayai zilizopangwa hadi kidevuni.

Anaziweka juu ya meza ndefu, moja mbele ya kila kiti. Kisha anatoa sumaku mfukoni, iliyofungwa kamba, anaiburuta sakafuni taratibu. Skrubu tatu zinairukia. Anazipangusa kwa aproni kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

"Sumaku kwanza, ufagio baadaye," anasema. "Hilo nilijifunza kwa aibu."

Kwenye karatasi za ofisi yeye ni mfagizi. Wanafunzi wanamwita Mama Trei. Mwaka huu thelathini na mmoja kati yao wamechagua somo la ufundi na teknolojia, na kifaa kikigoma, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mwanzoni mwa muhula waliojiandikisha walikuwa sita.

Aibu anayoisema ina miaka saba sasa. Karakana ilikuwa imefunguliwa wiki hiyohiyo. Mama Trei aliingia jioni akakuta meza na sakafu zimetapakaa vipande vya waya, skrubu, na vidude vidogo kama punje za mchele, vyenye mistari ya rangi. Akafagia vyote, akavimwaga kwenye shimo la taka.

"Nikaondoka nimeridhika kabisa. Chumba kinang'aa. Asubuhi mwalimu wa ufundi akaniuliza, 'Mama, kazi za wanafunzi ziko wapi?' Nikamwambia, kazi gani? Hakunifokea. Alishika kichwa tu. Afadhali angenifokea."

Alishuka shimoni mwenyewe, na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Sumaku ikamletea skrubu. Vilivyobaki aliviokota kwa vidole, siku mbili. Akaomba trei za mayai duka la ng'ambo ya barabara, akavipanga kwa rangi, kila rangi tundu lake.

Mwanafunzi mmoja alipoziona zile trei akamwambia kwamba kila mstari wa rangi ni tarakimu.

"Nikashangaa. Kumbe vidude vinasomeka," anasema. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na pakawa hapana wa kumlea mdogo wake. "Vitabu vilinipita. Rangi hazikunipita."

Tangu siku hiyo alifagia polepole. Mwalimu akifundisha, yeye hupangusa madirisha, na hakuna shule yenye madirisha yaliyopanguswa kama yale. Akajua kushika bisibisi, akajua kuunga waya kwa lehemu. Trei zikabaki kuwa utaratibu wa chumba: ukifungua kifaa, skrubu za kwanza zinakaa tundu la kwanza, zinazofuata tundu la pili. Wakati wa kufunga unarudi kinyumenyume, tundu kwa tundu.

"Mafundi wengi wakimaliza wanabaki na skrubu mbili mkononi, wanakwambia ni za ziada. Hakuna skrubu ya ziada. Kuna fundi mwenye haraka."

Nyumbani hawakumwelewa. Anaishi vyumba viwili na mumewe, watoto watatu na wifi yake, ambaye ulimi wake haupumziki.

"Wifi, wewe uliajiriwa kufagia au kufukunyua?" alikuwa akimuuliza kila anapomkuta na redio tumbo wazi kitandani.

"Vyote viwili, wifi. Ila mshahara ni wa kufagia."

Ni kweli hadi leo. Nusu ya mshahara huo huishia kwenye kodi ya vyumba.

Muhula ulipoanza, mkuu wa shule alibandika tangazo ubaoni. Somo la kuchagua ambalo lingekosa wanafunzi kumi na watano kufikia Ijumaa lingefutwa. Chumba cha karakana kingegeuzwa stoo ya madawati. Ilikuwa Jumatatu, na karatasi ya ufundi ilikuwa na majina sita.

Minong'ono ilikuwa mingi. Wazazi wengine waliona kushika bisibisi ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Wanafunzi wengine waliogopa tu kuonekana hawajui. Mwalimu wa ufundi alizunguka madarasani akihubiri faida za teknolojia hadi sauti ikamkauka. Likaongezeka jina moja.

Kwa Mama Trei, kufungwa kwa chumba kulikuwa na maana moja. "Ningerudi kufagia korido. Korido haina cha kukufundisha. Unaifagia leo, kesho iko vilevile."

Jumanne asubuhi alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, maneno wamechoka nayo. Waambie kila mtu alete kitu kibovu kutoka kwao."

"Halafu wewe utengeneze?"

"Mimi? Sishiki hata kimoja. Mwenye kitu ndiye anayeshika bisibisi."

Mchana walikuja wanne, wawili kati yao kwa kucheka tu. Lakini somo hilo lina upande wa pili, wa picha na video, na kuna binti mmoja huko wanayemwita Kamera. Alifunga kamera juu ya meza ikitazama chini, akairusha picha ukutani kwa projekta. Waliosimama mlangoni waliona mikono mikubwa kama milango, ikifungua pasi mbovu. Kisha taa ya pasi ikawaka. Mwenye pasi alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuja kucheka. Hakucheka tena.

Jumatano foleni ilifika kwenye tangi la maji. Feni, tochi, vichaji, kinanda cha mtoto. Usiku ule, nyumbani, wifi alimsogezea redio yake mbovu mezani, akajifanya anatafuta kijiko.

Alhamisi saa nne, foleni ilipasuka katikati. Mkuu wa shule alikuwa anapita, na kwapani alikuwa na redio.

"Mama, nami nimeleta yangu. Nitaifuata jioni."

Mama Trei akamnyooshea bisibisi. "Karibu kiti, Mkuu. Hapa mwenye kitu ndiye fundi."

Mkuu alitazama mlango, akatazama ukuta ambako Kamera alisharusha picha yake, akakaa.

Alipofunua kifuniko, mende wakatawanyika mezani.

"Mkuu," alisema Mama Trei, "hao wapangaji walilipa kodi?"

Mkuu ndiye aliyeanza kucheka. Alisafisha, akaona waya uliokatika, akauunga. Akafunga haraka, maana alishapata kujiamini. Redio ikawa kimya kama jiwe.

Wote waliona kosa ukutani. Trei yake ilikuwa na tundu moja tu lililotumika. Skrubu zote alizirundika humo, ndefu na fupi. Ile ndefu aliikaza mahali pa fupi, ikapenya ndani na kuusukuma waya aliotoka kuuunga.

"Sasa, Mama?"

"Sasa unafungua tena, Mkuu. Na trei ina matundu thelathini. Ni bure."

Alifungua tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Wanafunzi walihesabu naye tundu kwa tundu, na alipokaza skrubu ya mwisho redio ikakohoa, kisha ikaanza kusoma habari. Kelele zilizopigwa zilifika hadi jikoni.

"Nilidhani kujifunza mbele ya watoto kungenishushia heshima," anasema mkuu wa shule. "Siku ile walinisalimia kwa adabu kuliko siku zote."

Jioni hiyo karatasi ilikuwa na majina ishirini na matano. Ijumaa yalifika thelathini na moja, na mwalimu wa ufundi akalazimika kuazima viti. Madawati mabovu yalitafutiwa stoo kwingine.

Redio ya wifi nayo ilipona. Ila wifi aliifungua mwenyewe, kwenye meza ya kulia chakula, na watu wote wa nyumbani walialikwa kushuhudia. "Siku hizi," anasema Mama Trei, "ananiuliza mimi skrubu zake nimeziweka wapi."

Kuna jambo moja bado. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa ufundi, na mkuu amemruhusu Mama Trei kuufanya pamoja na wanafunzi. Sehemu ya mikono haimtishi. Sehemu ya kuandika ndiyo inayomkosesha usingizi, kwa hiyo kila mchana Kamera humsomesha kwa nusu saa, na yeye humlipa kwa kumfundisha lehemu. Akifaulu, anataka kufungua karakana ndogo ya Jumamosi kwa akina mama walioishia njiani kama yeye.

Karatasi ya majina bado imebandikwa ubaoni. Chini ya jina la thelathini na moja kuna jingine, limeandikwa kwa penseli, herufi kubwa, polepole. Wanafunzi wengi hawakulitambua walipolisoma. Walimjua kwa jina la utani tu.

"Nilitumia penseli kwa sababu niliogopa," anasema, akizikusanya trei. Kisha anachukua kalamu ya wino mezani kwa mwalimu, anakwenda ubaoni, na kuanza kulipitia jina lake, herufi kwa herufi.