Siku Tulipowasha Tanuru la Babu

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Mbozi, magharibi ya Mbeya. Kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo, niliruhusiwa wiki mbili nimsaidie mpiga picha mmoja Mzungu aliyekuja kutoka Iringa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Kule Iringa alikuwa akitafuta wanawake wazee wenye chale usoni, na mara nyingi alifika nyumbani kwao akakuta kaburi bichi.

"Mwalimu," aliniambia, "nataka kuona watu wakiyeyusha chuma. Nimechelewa?"

Nilimjua mmoja tu: babu yangu, kaka wa bibi mzaa mama. Tanuru lake lilisimama nyuma ya shamba la kahawa, refu kupita mtu, mti umeota mdomoni. Mimi sikuwahi kuliona likiwaka. Majembe ya dukani yalipofika, kazi ile ilikufa, na kanisa nalo lilikataza dawa zilizofukiwa chini ya tanuru. Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa mmoja wa waliokemea.

Babu alisikiliza, kisha akaniuliza kwa Kinyiha, "Anataka chuma au anataka picha?"

"Picha, babu. Ili wajukuu waje waone jinsi mlivyofanya."

Hilo la wajukuu Mzungu hakulisema. Niliongeza mimi.

Akakubali. Kwa siku sita yeye na wazee wenzake wawili walikata ule mti, wakaziba nyufa kwa udongo, wakachimba mawe ya chuma mlimani, wakachoma mkaa. Babu aliyekuwa akitembea kwa fimbo aliisahau fimbo. Alituonya kwamba wiki hiyo mtu yeyote anayegusa kazi ile asilale na mkewe. Niliitikia, nikarudi nyumbani nikaishi kama kawaida.

Asubuhi ya kuwasha, nusu ya usharika ilikuja kutazama. Babu alipiga magoti mbele ya shimo la dawa, akishika chungu kitupu.

"Marehemu kaka yangu ndiye aliyekuwa anaweka dawa," alisema. "Mimi nilikuwa wa kuvukuta moto tu."

Aliwauliza wenzake. Mmoja alitaja gome la mti fulani, mwingine akakataa. Mwisho walichuma majani yaliyokuwa karibu, wakayatia. Kamera ililia muda wote.

Moto uliwaka siku mbili. Walipobomoa mdomo wa tanuru, hakikutoka chuma. Yalitoka majivu na mavi ya chuma, meusi, yakivunjika vidoleni. Babu alivivunja vipande vyote, kimoja kimoja.

Mzungu alikohoa, akaniambia taratibu, "Haidhuru. Mwambie ashike jembe, kama vile limetokana na chuma cha humu."

Jembe liliazimwa kwa jirani. Lilikuwa la dukani, likageuzwa ili alama ya kiwanda isionekane. Nilitafsiri. Babu hakumtazama Mzungu, alinitazama mimi.

"Na wewe unaniambia hivyo?"

"Ni picha tu, babu."

Alilishika. Picha ikapigwa, gari likaondoka, nami nikarudi darasani.

Babu hakulizungumzia tena jambo lile. Hakuuziba ule mdomo uliobomolewa, na masika yalipokuja tanuru lilianguka. Nilipokwenda kumsalimu alinijibu kama anavyomjibu mgeni. Hakuuona mwaka mwingine.

Baada ya mazishi nilimfuata mmoja wa wale wazee wawili, nikiwa na daftari, nimwombe anisimulie kazi yote tangu mwanzo. Alisimulia vizuri juu ya mkaa, na juu ya mawe. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu, kisha, alipofika kwenye dawa, akaishia hapo.

"Endelea, babu," nilimwambia.

"Nikiendelea, nitakuwa nakutungia."

Nikafunga daftari. Tukakaa pale tukizungumza habari za mvua.